Mteja wa Jumanne

Katika miaka thelathini na mmoja ambayo mume wangu alikuwa karani wa mahakama, hakuna aliyemnunulia nguo isipokuwa mimi. Kila Januari nilikwenda katika duka lile lile, nikasimama mbele ya rafu ile ile, nikachukua mashati mawili meupe ya mikono mirefu na suruali moja nyeusi. Sikuhitaji futi ya fundi. Shingo yake niliijua kwa kiganja changu, na bega lake la kushoto, lililoinama kidogo kwa kubeba majalada, nililirekebishia shati mwenyewe kwa sindano. Ndani ya ukosi nilishona msalaba mdogo wa uzi mwekundu, ili nguo zake zisichanganyike na za majirani kwenye kamba ya uani. Kisha yeye alivaa, akaenda kazini, na watu wakasema, "Karani amependeza." Sifa hiyo niliihesabu kuwa yangu.

Alistaafu mwishoni mwa Juni. Asubuhi ya kwanza alijikuta ameketi sebuleni saa moja na nusu, amevaa shati jeupe na tai, hana pa kwenda. Tulicheka sana. Siku ya pili akaacha tai. Baada ya wiki mbili akaacha soksi. Mimi nilidhani mambo yatakomea kwenye soksi.

Januari ilipofika, miguu ilinipeleka dukani kabla akili haijauliza kuna nini. Nilirudi na mashati mawili meupe, nikayashona ule msalaba mwekundu kama kawaida. Mume wangu aliyapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Mama. Umenikumbuka." Akayatundika kabatini. Sikuona dalili yoyote, nami nilikuwa nikijisifu kwamba uso wake haunifichi kitu.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, nilikuwa nimeketi uani napembua mchele, nikamwona anaingia amevaa shati la kijani la mikono mifupi, lenye majani makubwa kifuani kama pazia la hoteli.

"Hilo umelitoa wapi?" nikauliza.

"Sokoni. Kwa Mama Jumanne."

"Mama Jumanne ndiye nani?"

"Yule muuza mitumba wa karibu na stendi. Anafungua robota jipya la nguo kila Jumanne, ndiyo maana wakamwita hivyo. Amenichagulia mwenyewe. Anasema rangi hii inanitoa."

"Inakutoa inakupeleka wapi?"

Akacheka, akaingia ndani kujitazama kwenye kioo. Huyu ni mwanamume ambaye kwa miaka yote hiyo alichana nywele akiwa anatafuta funguo.

Jumanne iliyofuata alileta shati la rangi ya chungwa. Iliyofuata tena, la mistari ya kijani na njano. Wivu ulinishika. Nilianza kuzihesabu Jumanne zake. Siku hiyo aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akaoga, akajipaka mafuta, akatoka akipiga mluzi. Jumatano alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye kukohoa na kutafuta miwani.

Nilimpigia simu binti yetu.

"Mwanangu, baba yako ana mwanamke."

"Baba gani? Huyu anayelala amekumbatia redio?"

"Kila Jumanne anaoga mapema."

"Mama, amestaafu. Ataoga hata mara tatu akitaka."

"Huyo mwanamke anamchagulia mashati."

"Kwa hiyo unayaonea wivu mashati?"

"Usinicheke."

"Sicheki, Mama. Nauliza tu kama nije niyahoji moja moja."

Nilikata simu. Watoto wa siku hizi hawajui kwamba mtu anaweza kunyang'anywa mume akiwa bado anakula naye sahani moja.

Wiki hiyo mume wangu alikuwa na miadi kwa daktari wa macho siku ya Jumanne. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nilivaa gauni ninalolitunza kwa harusi, nikavaa viatu vinavyonibana, nikaenda sokoni nikiwa nimepanga maneno yangu kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Njiani nilimchora kichwani yule mwanamke: kijana, kiuno chembamba, kicheko kirefu.

Nilimkuta mtu wa umri wangu. Alikuwa mnene kama mimi, futi imening'inia shingoni, miwani imefungwa kwa kamba, amesimama juu ya robota lililobanwa kwa mikanda ya plastiki. Jambo hilo liliniuma zaidi. Angekuwa msichana, ningejua la kufanya.

Pembeni palikuwa na kiti cha plastiki. Nikakisogeza nikae.

"Samahani, dada," akasema. "Hicho kina mwenyewe. Ila leo hayupo, kaa tu."

"Mwenyewe nani?"

"Mzee mmoja, karani mstaafu. Nikifungua robota, yeye ndiye wa kwanza kushika. Wengine wananinung'unikia, lakini nifanyeje? Huyo ndiye mteja wangu wa Jumanne."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalitawanyika. Nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Amekufanyia nini hata umpe heshima hiyo?"

Mama Jumanne alishuka chini, akaanza kukata mikanda. "Dada, ngoja nikuambie. Siku ya kwanza alikuja na mashati mawili mapya kwenye mfuko, akaomba nimbadilishie. Nikamwuliza, mzee, wewe mwenyewe unapenda rangi gani? Alikaa kimya mpaka nikawahudumia watu watatu. Kisha akasema, 'Kijani. Tangu nikiwa mtoto. Ila sijawahi kuulizwa.' Mtu mzima yule. Nilimhurumia."

Nikainua macho. Juu ya kichwa chake, kwenye viango, yalining'inia mashati mawili meupe. Nilisimama, nikageuza ukosi wa la kwanza. Msalaba mwekundu ulikuwapo. Nikageuza wa la pili. Ulikuwapo.

"Hayo hayatoki," akasema. "Ni ya watu wa ofisini. Bei nimeshusha mpaka nimechoka."

"Kwa nini hakumrudishia aliyemnunulia?"

"Ni mkewe. Alisema mkewe ana moyo mzuri, angelia."

"Mkewe ndiye mimi."

Alivua miwani, akanitazama kutoka viatu hadi kichwani. Nilingoja ashtuke. Hakushtuka. Akapangusa kile kiti kwa upande wa kanzu iliyokuwa mkononi mwake, akasema, "Basi karibu, wifi. Yule ni kaka yangu."

Undugu huo sikuupokea. Niliondoka bila kuaga, na viatu vikanichuna njia nzima.

Mume wangu aliporudi na matone yake ya macho, alinikuta jikoni. Nilikuwa nimejiapiza kukaa siku tatu bila kumsemesha. Nilishindwa hata dakika tatu.

"Umempelekea yule mwanamke mashati yangu."

Aliketi polepole. "Yalikuwa yangu, Mama."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliochoma. Ningependa angefoka, nami nipate pa kuanzia.

"Nikiyavaa," akaendelea, "najiona kama nimechelewa kazini. Natazama saa. Moyo unaenda mbio, na mimi niko hapa hapa nyumbani."

"Ungeniambia."

"Ningeanzia wapi? Miaka thelathini na mmoja nimesema ahsante."

"Na yeye ulianzia wapi?"

"Yeye aliniuliza."

Nilimpakulia chakula, nikampakulia kingi kuliko kawaida, kwa hasira. Usiku mzima neno hilo lilikaa kati yetu kitandani: mtu baki, kwa swali moja, alikuwa amepata kitu ambacho mimi sikukipata kwa maisha yangu yote. Sikuogopa tena kwamba ana mwanamke. Niliogopa kwamba mwanamke mwingine anamjua, na mimi namfulia tu.

Jumanne ilipofika nilioga kabla yake. Alinikuta mlangoni na mkoba wangu.

"Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda."

Hakubisha. Mama Jumanne alituona kwa mbali, akaazima kiti cha pili kwa jirani yake muuza vyombo, akaviweka viwili hivyo sambamba. Hakusema lolote kuhusu juma lililopita. Alikata mikanda, na nguo zikafura kama unga uliotiwa hamira.

"Haya, kaka. Kwanza wewe."

Kabla hajainama, mkono wangu ulikuwa umeshaingia ndani na kutoka na shati jeupe la mikono mirefu, zuri, halina doa. Nikampimia mgongoni. Naye akasimama wima, mikono imeshuka, ametazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikatambua kwamba hivyo ndivyo alivyosimama siku zote nilipompimia nguo, nami nilidhani ni utulivu.

Mama Jumanne aligeuka, akajifanya anahesabu viango.

Nikalirudisha lile shati. "Baba," nikasema, "wewe unataka lipi?"

Alinitazama kwanza, kuona kama nina hasira. Nilikuwa nayo, lakini nilimngoja. Akainama, akafukua taratibu, hana haraka ya mtu yeyote. Mwishowe akavuta shati la rangi ya haradali lenye ndege wekundu mgongoni, ndege wenye midomo mirefu na macho ya kukodoa. Tangu nizaliwe sijaona nguo mbaya kama ile.

"Hili," akasema.

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Kaka ana jicho," akasema Mama Jumanne, na akanyoosha mkono alipokee amkunjie.

Nilimwahi. Nililichukua kutoka mkononi mwa mume wangu, nikalikunja mwenyewe juu ya magoti yangu, ndege kwa ndege, taratibu, yule mwanamke akitazama.