Vigoda Ishirini na Tatu Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ya wafadhili ilipofika shuleni kwetu, jirani na Bahi, mwaka 1998, Mkuu wa Shule, Mwalimu Batholomeo, aliitafutia chumba chenye nondo madirishani. Kilikuwa kimoja tu: karakana yangu ya useremala. Wiki ileile akapiga marufuku misumeno na randa, eti vumbi la mbao lingeiua mashine. Meza za kazi zikatupwa nje, zikaliwa na mchwa. Ikabaki meza moja, ya kompyuta, imetandikwa kitambaa cha kufuma.

"Na mtihani wa vitendo?" nikamuuliza. "Kila mwanafunzi anatakiwa atengeneze kigoda."

"Watatengeneza humo ndani," akasema, akiinyooshea kompyuta kidole. "Acha ushamba, mwalimu."

Nilikasirika nikanyamaza. Mimi ni hodari wa kukasirika kimyakimya.

Miezi saba wanafunzi ishirini na wanne walivua viatu mlangoni, wakachora vigoda kwa zamu, jenereta likinguruma. Zamu ya Paulina ilikuwa ya mwisho, na kila ilipofika, dizeli ilikuwa imekwisha. Basi akachonga kigoda chake nyumbani, cha mninga, miguu mitatu, kwa shoka la baba yake mfugaji. Chuo cha ufundi mjini Dodoma kilishamkubalia, mradi afaulu somo langu. Nilimtakia chuo kile kuliko nilivyowahi kujitakia kitu chochote.

Siku ya mtihani akaja mtahini, Bwana Silvano, na faili lake.

"Karibu kiti," Mkuu akamwambia kwa mazoea, kisha sote tukaanza kukitafuta kwa macho.

Bwana Silvano akakagua vigoda ishirini na tatu kwenye kioo, amesimama, tangu saa mbili hadi saa saba. "Imara!" alisema kwa kila kimoja. "Imara sana!" Magoti yalishaanza kumtetemeka.

"Shikamoo mzee," Paulina akasema. "Changu hiki hapa."

Mtahini akakikalia palepale, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Marahaba, binti. Na kwenye kompyuta kiko wapi?"

"Hakimo, mzee. Umekikalia."

Akafungua mwongozo, akausoma mara mbili. "Kisichomo kwenye kompyuta hakina alama. Sifuri."

"Basi naomba unyanyuke, mzee. Kama si kigoda, hujakaa."

Nikadhani ataona haya. Hakuona. Alinyanyuka, akampa kigoda chake, akatafuta mahali pa kuandikia. Meza ilikuwa moja, na kitambaa kile hakiguswi.

"Mwalimu," akaniambia, "hebu inama kidogo."

Nikainama. Nilikuwa nimekasirika sana, na nikainama. Kutoka pale chini niliona miguu ya Paulina tu, peku, na mitatu ya kigoda chake. Aibu ikanipanda hadi masikioni. Bwana Silvano akaitandaza fomu mgongoni mwangu, na sifuri ile nikaisikia ikizungushwa, polepole, juu ya uti wa mgongo.