Mkataba wa Kwanza wa Jelagat

Jirani yangu Maximilla anasema Jelagat, huyu nyota wa filamu, hakuanzia Nairobi. Anasema alishuka Lubao siku ya soko akitoka kwao Lumakanda, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akaingia studio ya Patroba kupigwa picha ya pasipoti. Patroba akamtazama, akazima redio, akamwambia, "Usitabasamu. Kaa hivyo hivyo." Picha hiyo ikatokea kwenye kalenda ya duka la mafuta ya nywele. Lakini kwanza alimwekesha sahihi kwenye mkataba.

"Patroba hachezangi na karatasi," Maximilla husema. "Nilikuwa hapo mlangoni na ndizi zangu. Msichana alitia sahihi akiegemea paja langu."

Hiyo ya paja siiamini. Ya mkataba niliiamini palepale.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini sahihi ya Jelagat naijua. J yake ina mkia unaopita chini ya jina lote. Ninazo mbili za siku zake za uanamitindo: moja ya fundi wa nguo wa Bukura, nyingine ya saluni mjini. Zote nilizipata kwa kuomba na kungoja, maana watu huchoka kukuona mlangoni kila siku. Ya Patroba ndiyo ya kwanza kabisa. Nilikuwa najipanga kwenda kuiomba, Patroba akafa.

Nilidhani basi. Kumbe kulikuwa na siku ya kunyolewa. Baada ya mazishi familia hunyolewa nywele, kisha vitu vya marehemu hutolewa uani vigawanywe. Mwenye neno husimama aseme mbele ya wote. Ukinyamaza siku hiyo, usije kesho.

Makoti yalienda kwa ndugu, kamera kwa Tyson, mpwa wake. Mwishowe likatolewa katoni la karatasi.

"Hizi ni za kuwashia moto wa kusongea obusuma," Tyson akasema, akazimwaga chini.

Bahasha moja ikafunguka. Nikaona mkia wa ile J! Nikasimama.

Watu wote wakageuka kunitazama. Sikuwa nimefikiria: msichana asiyejulikana akisimama siku ya kunyolewa, kila mtu anajua amekuja kusema nini.

"Woi! Patroba naye!" mama mmoja akalia. "Mtoto amemwacha wapi?"

"Karibu, mama mdogo," Tyson akaniambia, akinivutia kiti.

Mzee Wanzala, aliyekuwa akigawa vitu, akakohoa. "Sema, msichana wangu. Wako wangapi?"

"Sina mtoto, baba. Nimekuja kuomba karatasi."

"Ya shamba?" Sasa ndugu wote walisimama.

"Ya picha! Ile hapo chini, yenye sahihi ya Jelagat."

Kicheko kilichotoka hapo kilifukuza kuku mpaka barabarani. Maximilla, niliyekuja naye, alikuwa anapiga makofi, "Niliwaambia alitia sahihi! Niliwaambia!" Mzee Wanzala alipangusa macho kwa kofia. "Jamani, mpeni aende zake, ametushtua vya kutosha."

Tyson aliiokota akaninyooshea. Nilikuwa nimeshainua mkono. Lakini mjane, Mama Gentrix, kichwa kikimeta kwa kunyolewa asubuhi hiyo, aliinuka kwenye mkeka wake akaipokea yeye.

Ilikuwa nzima, bila hata doa. Mimi nilitazama jina la Jelagat na ule mkia wake mrefu. Yeye alitazama chini zaidi, pale Patroba alipotia sahihi yake mwenyewe.

"Huu ni mkono wake," akasema.

Watu walikuwa bado wanacheka. Nikapiga goti mbele yake.

"Mama, nitaiweka kwa plastiki. Haitaguswa na maji wala vumbi. Ukitaka kuiona, nitakuletea hapa hapa kwako. Naomba unipe."

Mama Gentrix alipitisha kidole polepole juu ya jina la mumewe. Alipofika mwisho, akaanza tena.