Bibi Kwetu na Mkate wa Juu

Mtaa mzima ulimwita Bibi Kwetu, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimkaribisha chai, atakwambia kwetu chai hainywewi hivi. Ukilalamika baridi ya asubuhi, atakucheka: hii nayo baridi? Njoo uone ya kwetu. Na ukianzisha habari ya mkate, basi umejitakia, vuta kiti ukae.

Kwao kulikuwa juu, kwenye nchi ya milima, ambako marehemu baba yake alikuwa mwokaji. Huku chini kwenye joto aliletwa na ndoa. Fundi bomba mmoja kijana alipanda kwenda kutandaza mabomba ya maji, akawa anapita kila asubuhi kununua mkate. Mkate wenyewe wala hakuupenda, ulikuwa unamchoma fizi. Alikuwa anamfuata binti wa mwokaji. Akampata, akashuka naye.

Sasa, mikate ya sehemu hizo mbili ni kama watu wa sehemu hizo mbili. Mkate wa juu ni wa duara, mweusi mgongoni, una ganda gumu na haujui sukari. Unaumuliwa kwa chachu, taratibu, kwa sababu ya baridi, na ukitoka tanurini baba yake alikuwa akiupindua na kuugonga chini kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Ukiitika kwa mlio wa kitu kitupu, umeiva. Ukinyamaza, unarudi ndani. Mkate huo hukaa wiki nzima, na wenyewe wanadai kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga. Mkate wa chini ni mweupe, mrefu, laini kama mto wa mtoto mchanga, una sukari na maziwa, na unaliwa siku hiyo hiyo maana kwa lile joto kesho yake umeshaota ukungu. Huo haugongwi. Unabonyezwa kwa kidole, ukirudi ulivyokuwa, unaununua.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwake, mume alimletea mkate wa chini umefungwa kwenye gazeti, ungali moto, umebonyea upande mmoja kwa sababu aliubeba kwapani. Bibi harusi akatafuna kipande, akameza, akauliza taratibu:

"Huu ni mkate au keki?"

Mume akacheka hadi chai ikampalia. Alipopata pumzi akachovya kipande chake kwenye kikombe, akakiacha kikalegea, kisha akakiwahi kwa mdomo kabla hakijakatika. Mkewe alimtazama kama unavyomtazama mtu mzima anayenyonya kidole. Kwao, nyumbani kwa mwokaji, kuchovya mkate kwenye chai lilikuwa tusi. Ni kumwambia mwokaji kwamba mkate wake hauliki mpaka uogeshwe.

Wakaishi hivyo, yeye akiteta na mkate, mume akiteta na yeye. Akazaa, akalea, akazeeka. Dukani hakuacha tabia yake. Alikuwa akiushika mkate, anaupindua, anaugonga chini, kidole kinazama. Mwenye duka alimzoea. "Bibi Kwetu," alikuwa akimwambia, "hakuna mtu humo ndani."

"Ndiyo maana nasema si mkate," naye hujibu, halafu anaununua.

Mume alipofariki, mdogo wake Bibi Kwetu wa kiume, ambaye ndiye aliyerithi tanuri la baba yao, akaanza kumpigia simu. Na yeye alikuwa amefiwa na mkewe.

"Dada, rudi nyumbani. Unakaa huko kwa nani?"

"Nakaa na mwanangu na mke wake, kwani niko porini?"

"Wana maisha yao hao. Mimi na wewe tumalizie pale tulipoanzia. Nakujengea chumba, ukuta mmoja na tanuri. Hutasikia baridi."

Neno hilo la chumba lilimkaa moyoni. Akawatangazia majirani kwamba anarudi kwao jumla. Mkwe wake alikuwa anakunja nguo alipoambiwa.

"Mama, umeamua kweli, au ni hasira za ugomvi wetu wa juzi?"

"Hasira zipi? Mwanangu, mimi hapa nililetwa na ndoa, na ndoa imekwisha."

Mkwe akakunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Haya, mama," akasema. "Nitakufungia kitu cha kula njiani."

Alichomfungia ni mkate wa chini, umepakwa siagi. Bibi Kwetu akaula wote kabla basi halijaanza kupanda milima, akijisemea ni kwa sababu ya njaa.

Mdogo wake alimpokea kituoni. Alikuwa amezeeka, lakini mikono ilikuwa ile ile, minene kuanzia kiwiko, na nyusi zake zilikuwa zimeungua kidogo kama zilivyokuwa za baba yao. Alimbebea mzigo, akampeleka moja kwa moja kwenye chumba. Kilikuwa kimepakwa chokaa, kina kitanda kipya, na ukiweka kiganja ukutani unasikia joto la tanuri. Dirisha lilitazama ua.

"Unaonaje?" akauliza, akijifanya hajali.

"Ni kizuri," dada mtu akasema, na kilikuwa kizuri kweli. Machozi yakamlenga, akasingizia moshi.

Jioni binti wa mdogo wake akaandaa meza. Binti huyo ndiye sasa aliyeendesha duka, na habari za dukani zilikuwa zimebadilika. Wateja vijana walitaka piza, basi tanuri la babu likawa linaoka piza siku zote, na mkate wa zamani ukabaki wa siku moja katika wiki, kwa wazee waliokuwa bado wanauulizia. Kwa heshima ya mgeni akamwokea piza yake nzuri kuliko zote. Ilikuwa nyembamba, kingo zimeungua kidogo kama inavyopendwa juu, ina chumvi na jibini kali.

"Karibu, shangazi. Kula ingali moto."

Bibi Kwetu akainua kipande, kikaning'inia. Akakitafuna, kikalia kama jani kavu. Ndipo mdomo wake, uliozoea kazi moja miaka yote, ukafanya kazi yake bila kumuuliza mwenyewe.

"Mwanangu, umejitahidi. Ila kwetu piza haiwi hivi. Kwetu inakuwa nene, ina utamu utamu, unaishika kwa mikono miwili. Hii mtu anaweza kusoma gazeti lililo upande wa pili."

Binti akatazama sahani. Mdogo mtu akaacha kutafuna.

"Kwenu wapi, dada?" akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyepotea njia. Na Bibi Kwetu, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe, alifungua mdomo akaufunga tena. Maana piza yenyewe ya huko chini alikuwa haipendi. Mkwe wake alikuwa akiioka kila mwisho wa mwezi kwenye sinia, na yeye kila mara alinung'unika mpaka kipande cha mwisho.

"Shangazi amechoka na safari," binti akasema haraka. "Baba, mpe maji."

Mdogo mtu akampa maji, akamtakia usiku mwema, akaenda zake kulala. Piza yake aliiacha nusu.

Asubuhi Bibi Kwetu aliamka akanyoosha mkono upande ambao kule chini ulikuwa wa dirisha, upande aliokuwa akilala mumewe, akagusa ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto. Akakaa kitandani kidogo, kisha akajifunga kitambaa kichwani, akaenda chumba cha kuokea.

Mdogo wake alikuwa anakanda unga wa mkate wa zamani, ingawa haikuwa siku yake. Hakugeuka, ila alisogea akamwachia nafasi mezani. Bakuli la chachu lilikuwa wazi, na harufu yake ikamwingia puani na kumrudisha nyuma kabisa, kwa baba yao akiwa na unga mpaka kwenye masikio, kwa mama akiwafukuza watoto wasikanyage magunia, kwa yeye mwenyewe msichana akimzidishia kipande fundi bomba na kujifanya kisu kimemteleza. Akanawa mikono. Akachukua donge, akalikandamiza kwa kitako cha kiganja, akalikunja, akaligeuza. Mikono haikuwa imesahau kitu.

"Umelegeza sana," mdogo mtu akasema.

"Maji uliyatia wewe."

"Mimi nimetia maji ya baba."

"Basi maji ya baba yalikuwa makavu, haya yako yameloa." Hata yeye mwenyewe hakujua maana ya aliyosema, lakini mdogo wake alitabasamu, na ule uzito wa jana ukapungua kidogo.

Mikate ilipotoka alimpa dada yake mmoja agonge. Akagonga. Ukaitika vizuri, akausikia mpaka kifuani. Wakakata mmoja, wakamimina chai. Mate yalimjaa, mkate aliokuwa ameusimulia maisha yake yote ulikuwa mbele yake, ule ule, haukubadilika hata rangi. Akauma. Ganda likagoma. Akajaribu upande wa kulia, meno hayakuwepo. Akajaribu wa kushoto, yaliyokuwepo hayakutaka. Mdogo wake alikuwa anamtazama na yeye alijua anatazamwa, akahangaika nao kama mbwa na mfupa, na mwishowe akakata shauri. Akauzamisha kwenye chai.

Mdogo mtu akaweka kikombe chini. "Dada. Baba angekuona."

"Baba hakuwahi kuishiwa meno."

"Hilo kweli. Alikufa nayo yote, na ubishi wake wote."

Wakacheka, wote wawili, mpaka binti akachungulia kuona kuna nini. Lakini mkate ulipolegea mdomoni, Bibi Kwetu aliacha kucheka. Ladha ilikuwa ya baba yake, na namna ya kuula ilikuwa ya mume wake, na hao wawili hawakuwahi kukaa pamoja kinywani mwake kabla ya siku ile. Akatafuna polepole asiwaharakishe.

"Dada," mdogo mtu akasema, sasa bila mzaha. "Hutakaa, sivyo?"

"Chumba umekijenga vizuri sana."

"Sijauliza chumba."

Akafuta midomo kwa kitambaa. "Nimeamka leo namtafuta mtu ambaye hajawahi kulala humu. Kule chini nikimtafuta, walau naona mahali alipokuwa. Kuna alama ya kikombe chake dirishani, mkwe wangu haifuti, anapaka rangi anaizunguka. Mimi nilidhani nakuja nyumbani, ndugu yangu. Kumbe nyumbani nilikuwa natoka."

Alimtazama usoni, akangoja amlaumu. Mdogo wake alikuwa na haki. Mwanamume mzee alikuwa amebeba matofali kwa ajili yake, na nyumba hiyo usiku ilikuwa na yeye tu, kwani binti alikuwa na mume wake mtaa wa pili. Mdogo mtu akakusanya unga uliomwagika mezani, akaurundika mahali pamoja kwa ukingo wa kiganja, muda mrefu kuliko unga wenyewe ulivyohitaji.

"Nilikuwa nakutaka hapa kwa ajili yangu," akasema. "Wewe nilikusingizia tu upweke."

"Najua."

"Basi kaa mpaka mvua ziishe. Barabara mbaya."

"Nitakaa mpaka mvua ziishe."

Baada ya siku chache Bibi Kwetu akampigia simu mkwe wake. Alizunguka sana. Aliuliza watoto, aliuliza kuku wa jirani, aliuliza bei ya nyanya. Mwishowe akasema kwamba, kama chumbani kwake hajawekwa mtu, huenda akapita pita.

"Awekwe nani, mama?" mkwe akasema. "Mashuka nimefua juzi. Mwenye duka naye anakuulizia, eti mikate yake siku hizi hakuna anayeisumbua."

Mvua zilinyesha, na kwa muda wote huo ndugu hao wawili walioka pamoja, wakigombana juu ya chumvi na kusengenya waliokufa. Binti alijaribu piza nene kwa kumfurahisha shangazi, akaweka sukari kwenye mchuzi wa nyanya. Baba yake aliionja, akasema inafaa kuzibia paa. Shangazi alikula vipande vitatu, na hakusema neno lolote kuhusu kwao.

Kisha mawingu yakafunguka, barabara ikakauka. Siku ya safari mzigo ulikuwa mlangoni, na mdogo mtu alikuwa ameahidi kumsindikiza mpaka kituoni. Lakini alikuwa ameingiza tanurini mikate ya kumpa abebe, na kwa ubaridi wa asubuhi ile moto ulichelewa kushika. Honi ya basi ikasikika kutoka barabarani.

"Nenda na binti," mdogo mtu akasema, macho kwenye tanuri. "Mimi siwezi kuiacha. Huyu anajua piza tu, ataniunguzia."

"Nimekusikia, baba," binti akasema.

Bibi Kwetu alimtazama mdogo wake, mgongo umepinda, mikono imening'inia haina kazi, anangoja kitu kisichoharakishwa. Akaelewa kwamba wakiagana hapo, wameagana. Umri wao haukuwa wa kupandiana milima. Akavua kitambaa cha safari, akakalia benchi iliyo mbele ya tanuri.

"Basi litakuacha," mdogo mtu akasema.

"Liniache. La mchana lipo."

"La mchana linajaa."

"Nitasimama."

"Kwa miguu hiyo?"

"Sogea, bwana, unaniziba joto."

Akasogea, akakaa. Honi ikalia tena, ikaenda mbali, ikapotea. Binti akarudisha mzigo ndani. Wale wawili wakabaki bega kwa bega wakiutazama mlango wa tanuri, na hakuna aliyetaka mikate iive upesi.