Barua za Kaka Hazikai

Kama kuna neno nimelichukia maishani ni "sawazisha". Limeandikwa kwenye kitufe cha kijani, juu kabisa ya kisanduku cha barua pepe, limekaa kimya kana kwamba halijamkosea mtu. Aliyenifundisha kulibonyeza ni shemeji yangu, mume wa dada. Huyo tunamwita Dakika Mbili, maana hakuna kazi anayoiona inazidi hapo, wala hakuna aliyowahi kuimaliza ndani yake.

"Rahisi sana, shem," aliniambia kwenye simu. "Barua za Mama ziko kwenye seva, ghala lake huko mtandaoni. Fungua akaunti yake kwenye hiyo kompyuta mpya, bonyeza sawazisha, basi. Cha kule kinakuja huku, cha huku kinakwenda kule. Pande zote zinalingana."

Haya. Nikakaa sebuleni kwa Mama, kompyuta mpya mezani, mwenyewe kajilaza chumbani. Shida yangu ilikuwa moja tu: barua za kaka. Kaka yetu mkubwa alikwenda ng'ambo kutafuta maisha, akawa hapitishi wiki bila kumwandikia Mama, halafu akanyamaza. Huu mwaka wa pili. Simu haipatikani, rafiki zake hawajui lolote. Zimebaki hizo barua, na kompyuta kuukuu ya Mama ilikuwa inakoroma vibaya, siku yoyote ingekata roho. Sikutaka Mama aamke siku moja akute hana hata neno la mwanawe.

Nikabonyeza. Yakaja matangazo ya magodoro, zikaja taarifa za vikao vya kikundi chake cha akina mama, ikaja mpaka risiti ya birika. Za kaka, hata moja!

Bahati wiki iliyopita nilikuwa nimezinakili kwenye flashi. Tahadhari kabla ya hatari. Nikaichomeka, nikazirudisha zote kisandukuni, nikasawazisha, nikaziona zinapanda kwenye seva. Nikashusha pumzi, nikaenda jikoni kubandika chai. Narudi, hakuna kitu.

"Ala!"

Nikarudisha tena. Safari hii sikuondoka, nikazikodolea macho. Zikakaa kidogo, kisha zikaanza kutoweka mbele yangu, hii, ile, na ile pale, kama mtama unaodonolewa na kuku. Damu ikanichemka. Nikampigia Dakika Mbili.

"Shemeji, kitu chako kinakula barua!"

"Hakili barua. Umebonyeza wapi?"

"Si pale uliponiambia! Naweka, zinafutika. Naweka, zinafutika. Kutwa natwanga maji kwenye kinu!"

"Tulia basi, shem. Seva haina akili yake yenyewe. Barua ikifutwa kwenye mashine moja inafutika kote, ndiyo kusawazisha kwenyewe. Kuna mashine nyingine yenye akaunti hiyo?"

"Ipi? Ile kuukuu iko chumbani kwake, na siku hizi haigusi, eti inamuumiza macho."

"Hebu niangalie, nipe dakika mbili."

"Zako nazijua!" Nikamkatia simu.

Nikachomeka flashi tena. Leo ama zangu ama zake. Nikabonyeza kile kitufe kwa nguvu mpaka meza ikatikisika, nikangoja. Ndipo nikasikia mlio kutoka chumbani: ting. Kengele ya barua mpya. Ting, ting. Kitanda kikalia, kisha ndara za Mama zikaburuzika mbiombio sakafuni.

Nikasukuma mlango. Mama kaketi mbele ya kompyuta kuukuu, miwani puani, kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Mama! Kumbe ni wewe! Mimi nahangaika kule kama mwehu, kumbe barua za kaka unazifuta wewe?"

Nilimpandishia sauti mama yangu mzazi. Hata hakushtuka.

"Nazifuta, mwanangu. Kila moja inasema anakuja mwezi ujao. Nikizisoma natandika kitanda chake. Nimechoka kutandika. Asubuhi nikasema, leo basi."

"Si ungeniambia, Mama?"

"Niambie wewe, unayezijua hizi mashine." Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni. "Mbona nikizifuta zinarudi? Kengele inalia, naona jina lake. Leo kutwa natoka kitandani mbio, nadhani mwanangu kaandika."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ni mimi, Mama. Ni zilezile za zamani, nazirudisha mimi. Hajaandika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Alinielewa vizuri kabisa, nilimwona. Kisha kengele ikalia, barua ya mwisho kati ya zile nilizozirudisha ikaingia, na Mama akavaa miwani upesi, akageuka kuitazama.