Nyasi Kavu Siku ya Mvua

Tone la kwanza lilianguka juu ya robota la nyasi, likaacha doa jeusi. La pili liliniangukia mkononi. Soko lote la mifugo la Koboko likapiga vigelegele. Mimi peke yangu nilikimbilia turubai.

Kiangazi kilipoanza, majirani zetu wa Abuku walipojiandaa kuchoma pori ili wawinde panya, nilimsihi baba asiwashe moto shambani kwetu. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya kilimo na ndoto iliyonizidi kimo. Bei ya nyasi ilikuwa ikipanda kila wiki. Wenye mbuzi wa Koboko na wenye ng'ombe wa maziwa wa Arua waligombea kila mzigo. "Tukate, tukaushe, tufunge marobota," nilimwambia.

Watu wa tumbaku walikuwa wameshaliomba shamba lile walime, na wao wangeng'oa kila kitu, hata miti.

"Msimu mmoja, Poni," baba akasema. "Nyasi zisipouzika, nawapa wao shamba."

Akafyeka njia ya kuzuia moto, akazilinda nyasi kama mtu anayelinda mihogo. Kijiji kilimcheka mpaka kikachoka.

Na sasa, pale sokoni, mvua ilikuwa imewahi.

"Dada, mvua iko nanyesha, wewe iko nauza nyasi?" Nasuru, mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa amenipigia simu nilete mzigo wote, alikuwa akicheka. "Wiki moja tu, nyasi iko naota bure. Rudisha nyumbani, lala juu yake!"

Nilicheka pia. Ilikuwa nicheke au nilie.

Ndipo akaja Sitti, muuza maziwa wa karibu na msikiti, leso imemganda kichwani.

"Iko kavu? Mpaka ndani?"

Nilizamisha mkono katikati ya robota. Joto, na harufu ya kiangazi. "Iko kavu, mama."

"Ng'ombe yangu nazaa sasa hivi. Zizi iko maji tupu."

Bei ya asubuhi sikuitaja. Alinunua machache kwa alichokuwa nacho, na mengine nikampelekea bila kuombwa. Tulitandaza nyasi za baba yangu topeni, na ndama akaangukia juu yake, akifuka mvuke. Tulisimama pale, wanawake wawili tuliolowa, tukingoja magoti yake yakubali kumbeba.

Nyumbani nilianza kumweleza baba habari za bei. Akainua mkono.

"Ndama alisimama?"

"Alisimama."

Nyasi hazikuwa zimeuzika, na baba hakuwa mtu wa kuvunja neno lake.

Watu wa tumbaku walikuja baada ya siku chache, naye akawatembeza shambani kuwaonyesha mipaka. Kabla ya kufika kijitoni akasimama ghafla, akageuka.

"Mpaka ni hapa," akasema.

Nyuma yake, hadi ukingoni mwa maji, nyasi zilikuwa zimeanza kuchipua. Tangu utotoni niliujua mpaka wetu: kijito chenyewe. Nilikwenda kunoa mundu.