Geuza Ukurasa

Kila jioni, baada ya kuosha sahani yake moja na kijiko chake kimoja, mchoraji aliketi upande wa kulia wa kochi, akawasha mashine ya gemu, kisha akasubiri mkewe aanze kumsema.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Hilo halikumfunga mdomo. Enzi za uhai wake walitengeneza vibonzo pamoja: mume alichora watu na kuwaachia viputo vyeupe vichwani, kila kimoja na mkia wa kumwonyesha msemaji, mke akavijaza maneno kwa mkono wake, kwa herufi nene zilizolala kidogo kama watu waliochoka kupanga foleni. Waliviuza kwa kampuni iliyokuwa na huduma ya kusomea vibonzo ndani ya mashine za gemu. Watoto wakichoka kupiga risasi, walifungua ukurasa wakasoma. Toleo la mwisho mchoraji alilituma wiki ya mazishi, macho yamemvimba, akasahau kwamba hakuna aliyejaza maneno. Kampuni nayo haikukagua. Likatoka na viputo vitupu.

Alipolifungua nyumbani, viputo vilikuwa vimejaa.

“Hiyo sufuria umeiunguza,” kilisema cha kwanza. “Iloweke kwa maji ya moto. Usiikwangue.”

Akainuka, akailoweka.

Tangu siku hiyo maneno yalibadilika kila jioni. Mke aliuliza nani kamuuzia shati lile la kijani, akamwonyesha ulipo ufunguo wa kabati, akamkumbusha dawa za presha. Bintiye alipopiga simu, mchoraji alimwambia kwamba mama yake anasema babake amekonda. Binti akajibu kwamba mama tangu zamani hupenda kukuza mambo.

Ila kulikuwa na jambo lililomkaa mchoraji rohoni kama mwiba. Hospitalini, mkewe alipokata roho, yeye alikuwa ameshuka chini kununua maji ya kunywa. Aliporudi, muuguzi alimwambia mgonjwa ametamka maneno kabla ya kwenda, lakini hakuyashika, alikuwa anahangaika na dripu. Basi kila jioni mchoraji aliuliza, “Mke wangu, ulisema nini?”

Na kila jioni kiputo cha mwisho kilijibu, “Toleo lijalo, mzee wangu.”

Mke hakuwa anamtesa. Alikuwa kazini. Maisha yake yote aliamini kwamba neno zito halikai chini ya ukurasa. Linakaa juu ya ukurasa unaofuata, ili msomaji ageuze. Hata alipopata ujauzito wa binti yao, alimpasha mumewe habari kwa mtindo huo, akamwacha mtu na roho juu mpaka baada ya chakula.

Siku moja ukatokea utepe wa kijivu kwenye runinga: huduma ya vibonzo itasitishwa mwisho wa mwezi, kampuni inawashukuru wasomaji wake wapendwa. Mchoraji aliusoma kwa sauti ili mkewe asikie.

“Hawawezi,” kiputo kilisema kesho yake. “Watu wamelipia.”

“Ndivyo walivyosema.”

“Watu husema mengi. Umekunywa dawa?”

Alipiga picha kurasa zote kwa simu. Watu walitoka vizuri, viputo vikatoka vyeupe pee. Akajaribu kunakili kwa penseli, lakini kila herufi aliyoiandika ilififia na kupotea kabla hajafikia inayofuata. Mwisho akavaa lile shati la kijani, akaenda ofisini kwa kampuni.

Dada wa huduma kwa wateja alimwamkia kwa adabu, akamvutia kiti. Alieleza kwamba mzee hakununua vibonzo, alinunua ruhusa ya kuvisoma, na ruhusa ina mwisho wake.

“Nimevichora mimi, mwanangu.”

“Najua, mzee.”

“Mke wangu yumo humo.”

Dada aliandika jambo kwenye kompyuta yake. “Si wewe peke yako,” alisema. “Jana alikuja mama mmoja, mwanawe yumo kwenye hadithi ya sungura. Jibu ni hilohilo.” Akamfariji kwamba kila msomaji atapewa gemu ya mashindano ya magari, bure kabisa.

Jioni ya mwisho mchoraji hakuosha sahani. Alikaa mbele ya runinga, pedi ya gemu ya kubonyezea mkononi.

“Mke wangu, leo hakuna toleo lijalo. Nakupigia magoti.” Na magoti akayapiga kweli, hapo juu ya zulia, ingawa la kushoto lilikuwa bovu.

“Mbona sahani ina uchafu?” kilisema kiputo cha kwanza.

Cha pili kikasema, “Kumbe kweli wanafunga.”

“Nilikuambia.”

“Uliniambia. Haya, inuka, usiumize goti. Nilimwambia yule muuguzi hivi.” Na chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo za mazoea: “Geuza ukurasa.”

Akabonyeza. Runinga ikawa ya kijivu, ikaandika kwamba huduma haipatikani tena. Alibonyeza mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge.

Asubuhi, alipokuwa ananyoa ndevu, aliona kwenye kioo kiputo cheupe kikielea juu ya kichwa chake. Kilikuwa kitupu. Jirani alimwambia, “Mzee, una kiputo,” naye akajibu kwamba anajua. Dukani alimkuta mama mmoja mwenye kiputo kidogo, kinaelea chini, usawa wa kiuno chake, pale panapofika kichwa cha mtoto. Wakapishana taratibu mlangoni, visije vikagongana.

Bintiye alikuja kumwona mwishoni mwa wiki. Alikitazama kiputo, akampa kalamu ya wino mzito.

“Baba, si uandike chochote tu, kikuondokee?”

“Mimi kazi yangu kuchora,” alisema, akamrudishia kalamu.

Binti alipoondoka, mchoraji aliosha sahani yake moja na kijiko chake kimoja, akaketi upande wa kulia wa kochi, akawasha mashine. Kiputo kikageuza mkia wake polepole, ukaelekea kushoto, pale alipokuwa akikaa mkewe. Kwenye runinga lile gari la zawadi lilikuwa likinguruma kwenye mstari, likisubiri abonyeze.

Hakubonyeza. Alisogea kidogo, ili mkia upate nafasi.