Chupa ya Baa ya Geraghty

Bríd Geraghty aliiweka chupa ya wiski mbele ya Fintan, mthamini wa mnada mjini Athlone, Ayalandi. Alitaka kuiuza ili aezeke upya nyumba aliyoachiwa na baba yake. Lebo ilitaja baa ya babu yake, kwani zamani wenye baa walinunua wiski kwa pipa na kujaza chupa wenyewe.

"Lakiri haijaguswa tangu 1951," alisema Fintan. "Mama, misiba mingapi imepita nyumbani kwenu, na msibani huku waombolezaji hukaribishwa kwa wiski? Nani ataniamini kwamba hii haikufunguliwa?"

Bríd akatoa pochini beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, ya wale walioapa kutoonja pombe maishani. "Baba aliivaa kifuani hadi anafariki. Waombolezaji kwetu waliambulia chai, na wanatusema mpaka leo."

Fintan alicheka kidogo, akaandika euro elfu sita. "Ila beji iende na chupa. Huo ndio ushahidi. Bila hiyo, ni elfu mbili."

Bríd akairudisha beji pochini.

"Andika elfu mbili," alisema. "Nitaezeka upande wa jikoni."